Ngumi Inaanzia Kisiginoni

Sogea hapa, wewe wa rika langu, unayejua utamu wa bibo, tunda la mkorosho, lililookotwa asubuhi likiwa bado na baridi ya umande. Weka simu chini kidogo. Nataka nikusimulie mabishano yaliyotuchukua mwaka mzima sisi watoto wa kijiji cha Mahurunga, kule Mtwara, na nitakwenda polepole ili hata ambaye hajawahi kutazama pambano la ngumi asiachwe nyuma. Swali letu lilikuwa moja: kati ya mabondia wote wa uzito wa juu waliopata kuishi duniani, nani alikuwa na ngumi nzito kuliko wenzake?

Mabondia waliopata kuishi duniani, kwa hesabu yetu, walikuwa watatu. Ndio hao tuliowaona.

Enzi zetu, msimu wa korosho ulipofika, dunia nzima ilihamia kijijini. Miezi mingine yote hakuna aliyetukumbuka, lakini korosho zikianza kuanguka wanakuja wauza kanga, wauza sufuria, mpiga picha mwenye pazia lililochorwa ndege, na mwaka ule, juu ya lori lililofuata magunia, akaja Bwana Video. Jina lake la kweli sikuwahi kulijua. Alitoka Mtwara mjini na televisheni aliyoivingirisha ndani ya godoro kama mgonjwa anayepelekwa hospitali, pamoja na jenereta lililonguruma kama linagombana na mtu. Akazungushia makuti kiwanja kidogo nyuma ya ghala, akatandaza magunia juu ili mchana uwe giza, na kiingilio cha watoto kikawa kopo la korosho. Usiniulize tulizipata wapi. Miti ilikuwa ya wazazi wetu, mikono ilikuwa yetu.

Mkanda wa ngumi tuliuona mara moja tu. Siku ya pili jenereta liligoma, na siku ya tatu lori likaondoka na Bwana Video, godoro lake na dunia yake yote. Picha yenyewe ilikuwa na michirizi kama mvua inanyesha ulingoni, na mtangazaji alikuwa akisema Kiingereza ambacho hakuna aliyekielewa. Bwana Video akajitolea kututafsiria. Mtangazaji akipandisha sauti, naye anapandisha: "Sasa anamwambia, wewe, mama yako alikukanya usije hapa!" Bondia akianguka: "Anasema, niacheni, nimechoka na safari!" Tuliamini kila neno. Miaka mingi baadaye ndipo nilipokuja kufahamu kwamba bondia aliyezimika hasemi kitu.

Majina ya mabondia hatukuyashika, kwa hiyo tuliwapa ya kwetu. Wa kwanza tulimwita Kinu. Alikuwa na kiwiliwili kipana, amesimama ulingoni kama kitu kilichochimbiwa, na mkono wake ulikuja taratibu, mzito, ukikufikia unaondoka na wewe. Wa pili alikuwa Kushoto, mrefu mwenye miguu ya kucheza, anayekuchekesha kwa mkono wa kulia halafu wa kushoto unatokea huko ambako hukuwa unatazama. Wa tatu ndiye Seremala. Alikuwa mfupi kuliko wenzake, na ngumi yake haikuvutwa nyuma hata kidogo. Ilisafiri shubiri moja tu, tap, kama mtu anayegongelea msumari mdogo. Mpinzani wake alibaki amesimama kitambo, ungedhani anakumbuka kitu alichokisahau nyumbani, kisha magoti yakakunjika.

Kwa hao watatu tuliishi mwaka mzima. Tulibishana kwenye foleni ya kisima, ndoo zimepangwa nasi hatupo kwenye ndoo. Tulibishana njiani kwenda shule, tukafika tumechelewa, tukachapwa, tukaendelea kubishana huku tumeshika makalio. Tulibishana tukiamia ndege kwenye mpunga kule bondeni karibu na mto, tukila ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha kwa chumvi na pilipili, na mara nyingine ndege walikula vizuri kuliko sisi.

Na kulikuwa na utaratibu, ndugu yangu, ambao vijana wa leo hawaujui. Kwa kuwa mkanda ulikwishaondoka, hukuweza kusema tu "Kinu ndiye mkali" ukakaa. Ulitakiwa usimame, uionyeshe ngumi yenyewe ilivyotoka, na mwenzako aanguke kama alivyoanguka yule wa kwenye video. Ukikosea, watu wanakusahihisha: "Hapana, mkono wa pili ulikuwa chini!" Unarudia tena. Ushahidi wetu ulikuwa miili yetu wenyewe.

Bingwa wa kuanguka alikuwa Hemedi. Sijapata kumwona mtu anayeanguka kama Hemedi. Alianguka chali, alianguka ubavu, alianguka kwa awamu kama nyumba ya udongo wakati wa masika. Yeye alikuwa mfuasi mkuu wa Kinu, na mimi nilikuwa nyuma yake, kwa sababu Kinu alimpiga mtu mmoja akatoka nje ya kamba za ulingo. Kwetu kesi ilikwisha hapo.

Kwa Somoe haikwisha.

Somoe alikuwa mjukuu wa Bibi Zaituni, jirani yetu, na aliishi kwa bibi yake huyo tangu mama yake alipofariki. Sote watatu, yeye na Hemedi na mimi, tulikuwa darasa la saba. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na kichwa chake kilikuwa kikifanya hesabu wakati sisi bado tunachonga penseli. Siku ya video alikaa mbele kabisa mchangani, magoti kidevuni, hakupiga kelele hata mara moja. Nilidhani ameogopa.

"Kinu alimtoa mtu nje ya kamba!" Hemedi alikuwa akipiga kelele siku moja kisimani. "Nje kabisa! Akaangukia meza ya watu! Au wewe Somoe ulikuwa umefumba macho?"

"Niliona," Somoe akasema. "Alimsukuma."

"Alimsukuma! Jamani, msikilizeni huyu! Mtu anaruka kamba, yeye anasema kasukumwa!"

"Alipoangukia ile meza, alifanya nini?"

Hemedi akafikiri. Alikuwa mkweli katika mambo ya kuanguka. "Aliishika."

"Haya. Mtu aliyezimwa anashika meza?"

Hata waliokuwa wakichota maji wakaacha.

"Anayeanguka chali amesukumwa," Somoe akaendelea, polepole, kama mwalimu mwenye subira. "Anayeanguka kifudifudi amezimwa. Yule wa Seremala alianguka kifudifudi, mikono inaning'inia, hata pua yake hakuikinga. Mtu mzima na akili zake, anaacha kuikinga pua yake mwenyewe? Anguka hivyo, Hemedi, tuone."

Hemedi akajaribu kuanguka kifudifudi bila kukinga pua. Alijaribu mara kadhaa. Kila mara mikono ilitangulia yenyewe. Akasimama, akajipangusa mchanga, akasema, "Hiyo haiwezekani," na hapo hapo akajua kwamba amemsaidia Somoe kushinda.

Nakueleza hili kwa urefu kwa sababu mpaka leo nikisikia watu wanabishana juu ya mabondia, ninaona wanahesabu walioanguka. Hesabu hiyo ni rahisi. Ugumu ni kutazama wameangukaje. Nilifundishwa hivyo na mtoto wa kike wa darasa la saba, penye tope la kisima.

Lakini hoja yake kubwa ilikuwa nyingine. Siku moja kwenye mpunga alituambia kwamba ngumi ya Seremala haikuwa inatoka mkononi. Tukacheka mpaka ndege wakaruka wenyewe.

"Inatoka wapi, tumboni?" nikamuuliza.

"Kisiginoni. Kabla ya kila ngumi kisigino chake cha kulia kilikuwa kinanyanyuka na kugeuka. Kisigino, goti, nyonga, bega. Mkono unapokea tu. Ndiyo maana hauendi mbali, kwa sababu kazi imekwisha huko chini."

"Watu wote wanatazama ngumi," Hemedi akasema, "wewe ulikuwa unatazama miguu?"

"Ngumi mlikuwa mnaitazama nyinyi. Nikaona miguu haina mtu."

Bibi Zaituni alikuwa akipita na mzigo wa kuni. Kwa utani wa bibi na wajukuu alikuwa akiniita mume wake, nami nilikuwa nikiona aibu na kufurahi kwa pamoja. "Shikamoo, bibi," tukamwamkia. "Marahaba. Mume wangu, ngumi hizo zote mnazozipiga hapa, na nyumbani kwangu gogo linanisubiri tangu juzi. Mlete na huyo Kinu wenu, mje mlipasue." Tukaenda tukalipasua. Ndivyo mabishano mengi ya enzi zetu yalivyokwisha, kwa mtu mzima kutukumbusha kazi.

Sasa nikwambie jambo lililomkalia Somoe moyoni mwaka ule, maana bila hilo hutaelewa kilichofuata. Kwetu kusini mjomba ana neno katika maisha ya mtoto, na mjomba wake Somoe alikuwa na duka Mtwara mjini. Alikuja msimu ule wa korosho, akala, akanywa chai, akasema mbele ya Bibi Zaituni: "Akifaulu kwenda sekondari, nitamsomesha mimi mpaka mwisho. Asipofaulu, nitamchukua aje anilelee watoto." Alisema kwa wema, na kwa kipimo cha siku zile lilikuwa jambo la haki. Lakini Somoe alikuwa anataka shule kama mtu anavyotaka maji. Baada ya siku ile mtihani wa darasa la saba ulikuwa mlango mmoja tu, na ukifungwa haufunguki tena.

Mwezi wa nane, wiki chache kabla ya mtihani, Hemedi akachoka kushindwa kwa maneno. "Tutengeneze gunia," akasema. "Tulipige kwa mtindo wa Kinu na wa Seremala, tuone kwa mtindo upi linayumba zaidi." Wazo likatupendeza sote, Somoe kuliko wote, kwa kuwa alikuwa na hakika ya kushinda.

Tukalijaza gunia mchanga, kamba ikakatika. Tukalijaza pumba za mpunga, ikawa kama kupiga mto wa kulalia. Ndipo tukaona rundo la maganda ya korosho nyuma ya nyumba ya Bibi Zaituni, ambaye kazi yake ilikuwa kubangua korosho na kuziuza. Maganda yalikuwa yamekaa juani muda mrefu, yamekauka, yanalia kama changarawe ukiyakanyaga. Uzito wake ukawa ndio wenyewe.

Najua unashika kichwa. Mtu yeyote wa Mtwara anajua kwamba ganda la korosho lina mafuta meusi yanayounguza ngozi. Tulijua na sisi. Tulikulia kwenye mikono ya mama zetu, mikono yenye madoa meusi, waliyokuwa wakiipaka jivu kabla ya kubangua. Lakini tulijiambia kwamba jua limeyanyonya mafuta yote, tena tukalifunga gunia ndani ya gunia lingine. Na siku ya kwanza hapakutokea kitu. Hemedi alivaa kandambili mkononi, ndiyo ikawa glovu yake. Mimi nikapiga mara chache, nikaona inauma, nikawa mwamuzi. Somoe akakataa kandambili. Alisema ukivaa kitu mkononi husikii ngumi imetoka wapi.

Laiti ungemwona. Alisimama pekupeku, akabonyeza kisigino mchangani, akakigeuza, na mkono ukaenda shubiri moja tu. Gunia halikuyumba kama lilivyoyumba kwa Hemedi. Lilishtuka. Lilijikunja katikati kama mtu aliyepigwa tumboni, likatoa pumzi. Hemedi akakaa chini. "Rudia," akasema, na sauti yake haikuwa na ubishi hata kidogo. Somoe akarudia. Akarudia siku ile, na kesho yake, na kesho kutwa, akitufundisha, akitushika mabega na kutugeuza nyonga. Wakati huo, kwa kupondwapondwa na kwa joto la mchana, mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya maganda yalikuwa yakitembea taratibu kupita gunia la kwanza, kisha la pili.

Asubuhi moja alikuja shuleni na mkono wa kulia ameufunga kwa kanga. Alipoufungua nikageuza uso. Vifundo na vidole vilikuwa vyeusi, vimevimba, na ngozi imeanza kutoka malengelenge. Kule zahanati wakampaka dawa, wakamfunga bandeji, wakamwambia asikunje vidole mpaka ngozi irudi. Na mtihani ulikuwa unakuja wiki iliyofuata.

Bibi Zaituni hakugomba. Hilo lilitutisha zaidi. Aliutazama mkono wa mjukuu wake, akautazama wa kwake, akasema, "Mimi nabangua ili wewe usibangue," akaingia ndani.

Mwalimu Mkuu tulimwendea sisi watatu. Alikuwa mtu mrefu, mkali, lakini siku ile aliongea kama baba. "Siwezi kukuandikia, mwanangu. Na siruhusiwi kumweka mtu akuandikie. Mkono lazima uwe wako."

Somoe akajaribu wa kushoto. Herufi zikatoka kama kuku amepita kwenye unga. Akajaribu wa kulia, kalamu ikadondoka kila alipotaka kukunja vidole. Akakaa nyuma ya nyumba, karibu na lile gunia tulilokuwa tumelishusha, akalia bila sauti. Mimi nilikuwa nachora mistari mchangani kwa kidole, najifanya nina kazi.

Hemedi akachutama mbele yake. "Basi wewe mwongo," akasema.

Nikamkanyaga mguu. Hakujali.

"Mwongo kwa lipi?" Somoe akauliza.

"Mwaka mzima unatuimbia, mkono unapokea tu, mkono unapokea tu. Leo vidole vimelala siku chache umekaa chini. Kumbe kila kitu kiko mkononi. Kumbe Kinu ndiye mkali. Sema, Kinu ndiye mkali, tuondoke."

Somoe akamtazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona usoni pake. Akasimama. Akamwita bibi yake, akaomba kipande cha kanga kuukuu. Bibi Zaituni akaja, akachana, akashika kijiti kirefu na kukifunga kwenye kiganja cha mjukuu wake, juu ya bandeji, imara, vidole vikiwa vimenyooka. Somoe akavua ndala, akabonyeza kisigino mchangani, akakigeuza. Goti, nyonga, bega. Kijiti kikachora herufi A kubwa kama mlango.

"Mlango huo," Hemedi akasema. "Nataka dirisha."

Hivyo ndivyo tulivyofanya mpaka siku ya mtihani. Kila tulipotoka shule, Somoe alisimama uwanjani kwao akaandika mchangani kwa mwili mzima, Hemedi akimsomea maswali ya hesabu, mimi nikifuta kwa tawi. Herufi zikapungua kutoka mlango hadi dirisha, kutoka dirisha hadi sinia, kutoka sinia hadi sahani. Kisha akakaa kwenye benchi, tukaondoa kijiti tukafunga kalamu, tukaondoa mchanga tukaweka karatasi za mifuko ya saruji. Hemedi hakumsifu hata mara moja. "Kubwa," alisema. "Bado kubwa. Unamwandikia nani, ndege wa angani?" Somoe alicheka kwa mara ya kwanza tangu aungue, na herufi iliyofuata ikatoka ndogo.

Siku ya mtihani nilikaa benchi la nyuma yake, upande. Mwalimu msimamizi, mgeni kutoka shule nyingine, aliukagua ule mkono uliofungwa kanga, akaigeuza kalamu huku na huku, akaitikia kwa kichwa. Karatasi zikagawiwa. Nilipaswa kutazama ya kwangu, lakini kuna kitu nilichofundishwa kutazama. Chini ya meza, ndala ya kulia ya Somoe ilikuwa imevuliwa. Kisigino kilikuwa kimebonyezwa kwenye sakafu. Kila alipoanza mstari kilinyanyuka kidogo, kikageuka, kikarudi. Kikanyanyuka, kikageuka, kikarudi. Sijapata kuona pambano zuri kuliko lile, na hakuna aliyepiga makofi, maana kelele zilikatazwa.

Alichelewa. Alikuwa wa mwisho kuandika, mpaka msimamizi aliposema kalamu chini. Hakujua kama ameyamaliza yote ipasavyo. Ikabidi tusubiri, na wakati tunasubiri msimu mwingine wa korosho ukaingia. Bwana Video hakurudi. Majina yalipobandikwa shuleni, la Hemedi halikuwepo, la kwangu halikuwepo, mimi nilikuja kupata elimu kwa njia ndefu ya kuzunguka. La Somoe lilikuwepo. Hemedi alilisoma kwa sauti, akageuka, akatutazama wote, kisha akaanguka kifudifudi mchangani, mikono ikining'inia, pua haikukingwa. Ilitoka damu. Aliweza, siku hiyo moja tu.

"Seremala," akasema akiinuka, damu inachuruzika. "Haya. Seremala."

Mjomba alitimiza neno lake. Somoe leo ni mwalimu wa hesabu Mtwara mjini, na ngozi ya vifundo vya mkono wake wa kulia ina rangi mbili. Sikukuu ya Idi iliyopita tulikuwa kwake sote watatu, na Hemedi siku hizi ana mvi na bajaji. Baada ya pilau, mabishano yakaanza upya kana kwamba tumeyaacha jana, maana Hemedi amerudi kwa Kinu, anasema siku ile aliongea kwa uchungu wa pua. Mtoto wa mwisho wa Somoe, kijana mzuri, mpole, akatusikiliza kidogo kisha akatoa simu. "Mama, mbona ni rahisi? Hii hapa orodha ya wenye ngumi nzito. Wamepangwa kabisa." Akatusomea. Majina kumi, pap, pap, pap. Akarudisha simu mfukoni, akaenda kuchukua soda. Kwake yalikuwa yamekwisha.

Tukatazamana. Hatukujua kama Seremala yumo kwenye orodha ile. Hatukuwahi kujua jina lake. Tukamwita kijana, tukamweleza: Seremala, mfupi, ngumi ya shubiri moja, mpinzani anakumbuka kitu nyumbani halafu magoti yanakunjika. Akaandika hivyo hivyo kwenye simu. Simu ikamletea mafundi samani.

"Afadhali," Somoe akasema. "Angempata, angetuonyesha kwa sekunde tano, tungekuwa hatuna la kusema mpaka Idi ijayo."

Siwalaumu watoto wetu. Wanajua mengi kuliko sisi tulivyojua, na wanayajua wameketi. Sisi tulipata mkanda mmoja, mara moja, wenye michirizi, tukautafuna mwaka mzima mpaka ukaingia kwenye nyama zetu, na siku mmoja wetu alipouhitaji ulikuwepo. Orodha ya kwenye simu ni nzuri, lakini haina kisigino. Nilisema hivyo kwa sauti. Hemedi akasema maneno matamu hayaangushi mtu, akasimama katikati ya sebule awaonyeshe watoto alivyotoka yule wa nje ya kamba, akaangukia meza ya soda. Aliishika. Watoto wakacheka mpaka wakalia, na kwa mara ya kwanza mchana ule wote walikuwa wamesimama.

Kwa hiyo, msikilizaji wangu, fanya hivi. Simama hapo ulipo. Vua viatu. Weka mguu wa kulia nyuma kidogo, bonyeza kisigino sakafuni, kisha kinyanyue na kukigeuza taratibu. Acha goti lifuate, nyonga ifuate, bega lifuate, na mkono uende mwisho, shubiri moja tu. Rudia mpaka uisikie inatoka chini. Halafu mwite mtoto aliye karibu, mwambie avue viatu.